Chumvi yao si chumvi yetu: uzi wa nahau za Kiingereza kutoka Bagamoyo

Mwalimu wa Dunda, mleta uzi:

Wadau, habari za saa hizi. Nafundisha Kiingereza cha jioni hapa Bagamoyo. Wanafunzi wangu wengi ni waongoza watalii, wahudumu wa hoteli za ufukweni, na vijana wa vyombo vya kwenda Unguja. Swali la nahau haliishi. Mtu anakuja na kijitabu chenye nahau zilizopangwa kwa alfabeti, amezihifadhi zote kwa ghaibu, halafu mgeni wa kwanza akimtupia moja tu anaganda.

Nimeona badala ya kumjibu mmoja mmoja nifungue uzi. Nina neno moja tu, mengine yote yanalizunguka hilo. Nahau usiyoijua kabisa haikudhuru sana: utakunja uso, utauliza, utaambiwa. Inayokuponza ni ile unayodhani unaijua kwa kuwa maneno yake yamefanana na ya nahau yetu. Hapo huulizi. Unajibu kwa kujiamini, mazungumzo yanakwenda mrama na wewe hujui.

Nianze na chumvi, maana mashamba ya chumvi ya Nunge tunayo hapa jirani.

Kwetu anayetia chumvi ni msemaji. Kavua papa mmoja, akifika kijiweni wamekuwa watatu. Kwa Mwingereza chumvi iko mkononi mwa msikilizaji. Akikwambia "take it with a pinch of salt", anakuasa usiyameze yote unayoambiwa. Kwa hiyo mgeni akisema hivyo kuhusu dereva aliyemleta, hakutuhumu wewe kwa lolote. Nawe ukitaka kusema dereva katia chumvi, usiseme "he put salt". Sema "he's laying it on thick", au kwa upole zaidi, "he's stretching the truth".

Kisha kuna kula chumvi nyingi. Ukimwambia Mwingereza babu yako amekula chumvi nyingi, atakuuliza kama anapima presha. Wao wana "long in the tooth", meno marefu, kwa sababu ufizi wa farasi hurudi nyuma kadiri anavyozeeka na meno yakaonekana marefu. Lakini tahadhari: yetu ina heshima ndani yake, ya kwao ina kejeli. Usimpachike babu.

"Worth his salt" ni mtu anayeustahili mshahara wake, anayeimudu kazi. Hapa utaambiwa kwamba askari wa Kirumi walikuwa wakilipwa chumvi, na ndipo likatoka neno "salary". Kweli neno hilo limetoka kwenye Kilatini "salarium", lenye mzizi wa chumvi. Ila habari ya askari kupanga foleni wapimiwe chumvi badala ya fedha haina ushahidi wa maana. Nayo imetiwa chumvi.

"Salt of the earth" imetoka Mathayo 5:13, ni mtu mwema asiye na makuu. Na "rub salt into the wound" ni ndugu wa toka nitoke na msumari wetu wa moto juu ya kidonda.

Naweka nukta hapo. Leteni zenu.

Mpita Njia:

Uzi kama huu unaweka kambi kabisa. Nimevuta mkeka.

Binti Magomeni:

Mwalimu shikamoo. Mimi niko hoteli moja huku ufukweni. Mwenzangu alimkaribisha mgeni kwenye ngoma ya usiku, mgeni akajibu kwa adabu zote, "it's not really my cup of tea." Mwenzangu mbio jikoni, kamletea kahawa! Mgeni kainywa, kashukuru, ngomani hakwenda. Mpaka leo binti anadai alimhudumia vizuri.

Mwalimu wa Dunda:

Marahaba Binti Magomeni. Huyo mwenzio hana kosa, chai ina mitego kuliko chumvi.

"Not my cup of tea" maana yake kitu hakinipendezi, si cha aina yangu. Ni kukataa kwa upole. Sasa tazama sisi. Chai kwetu ni ile ya kikombeni, tena ni rushwa, na humu mitandaoni ni habari ya kutunga: mtu akileta hadithi yake wadau wanamwambia "hii chai". Halafu vijana wa Kiingereza cha siku hizi wanasema "spill the tea", mwaga chai, yaani toa umbea, na umbea wenyewe uwe wa kweli. Kijana wa Kitanzania akisikia chai inamwagwa anadhani kinachomwagwa ni uongo. Chai yao ya mtandaoni ni siri iliyofichuka, chai yetu ya mtandaoni ni uongo uliopikwa. Maana hapo zinapeana mgongo kabisa.

Nyingine ni "not for all the tea in China": hata unipe chai yote ya China sikubali. Na "a storm in a teacup", tufani ndani ya kikombe, yaani makelele makubwa juu ya jambo dogo. Mmarekani husema "a tempest in a teapot", yeye tufani yake iko kwenye birika. Ila mkiitaja birika kumbukeni kwamba kwetu mkono wa birika ni uchoyo. Mchoyo wa Kiingereza ni "tight-fisted", ngumi imefumbwa haiachii kitu.

Kijana wa Kaole:

Mkuu, hapo kwenye mikono fafanua. Mgeni aliniambia "let's give him a hand" tulipomaliza kumsikiliza mzee mmoja kwenye magofu. Nikaenda kumsaidia mzee kuinuka. Wenzangu wakawa wanapiga makofi.

Mwalimu wa Dunda:

Kijana, ulichofanya nacho kinaitwa hivyo hivyo. "Give someone a hand" ni kumsaidia, na pia ni kumpigia makofi. Inategemea. Kama kuna hadhira na mtu amemaliza kuzungumza au kuimba, ni makofi. Kama kuna mzigo, ni msaada. Isichokuwa ni mkono wa pole, mkono wa Idi au mkono wa buriani. Hizo zetu hazimo.

"Short-handed" si mtu mwenye mkono mfupi, ni mahali penye upungufu wa watu wa kazi. Mkono mrefu kwetu ni mwizi, kwao mwizi mdogomdogo ni "light-fingered", vidole vyepesi. Lakini wana "the long arm of the law", mkono wa sheria unaokufikia popote ujifichapo, na hapo tunapatana, maana hata sisi tunasema mkono wa serikali ni mrefu.

Mpita Njia:

Nimeshindwa kukaa kimya. Kaka yangu alifanya kazi kwa Mwingereza mmoja, siku ya kuondoka akapewa barua ya kumsifia. Ndani imeandikwa yeye ni "hard-headed". Kaka akanuna mwezi mzima. Anasema kama aliniona nina kichwa kigumu angeniambia nikiwa kazini, si kuniandikia barua ya kwenda kuonyesha watu.

Mwalimu wa Dunda:

Mwambie kaka aitoe barua alikoificha. Kwetu kichwa kigumu ni mtu asiyeshika anachofundishwa. Kwa Mwingereza "hard-headed", hasa kwenye biashara, ni mtu asiyeyumbishwa na hisia, anayetazama hesabu na hali halisi. Wapo wanaolitumia kwa mbishi pia, Marekani hasa, lakini katika barua ya kazi kutoka kwa Mwingereza hiyo ni sifa.

Huu ndio mfano ninaoutafutaga siku zote. Neno kwa neno ni lile lile, kichwa na ugumu, na ndiyo maana kaka hakuuliza mtu.

Sasa moyo, na hapa nawaomba waongoza watalii wote wakae karibu.

Sisi tukivunjika moyo tumekata tamaa tu. Mkopo umechelewa, nimevunjika moyo. Timu imefungwa, nimevunjika moyo. Kiingereza kina "broken heart", lakini huo ni msiba au mapenzi. Kijana akiandika barua kwamba yuko "heartbroken" kwa sababu majibu ya maombi ya kazi yamechelewa, msomaji atadhani amefiwa au ameachwa. Alichotaka ni "disheartened" au "discouraged". Kuna na "lose heart", kupoteza moyo, hiyo ndiyo iliyo karibu kabisa na kuvunjika moyo kwetu. "Take heart" ni jipe moyo, sahihi kabisa. "Have a heart" ni kuomba huruma, uwe na moyo wa kibinadamu jamani. "Learn by heart" ni kuhifadhi kwa ghaibu, mapenzi hayamo.

Na mji wetu wenyewe ni nahau. Bwaga moyo. Mnajua mabishano yake: wapo wanaosema ni wapagazi wa misafara waliotoka bara, wakifika hapa wanatua mizigo na kutulia, na wapo wanaosema ni watumwa waliokata tamaa kwa kuiona bahari. Sitaki kuamua humu. Ninachowaomba ni msimwambie mgeni "lay down your heart" kisha mkanyamaza. Maneno hayo kwake hayana maana iliyozoeleka, atayajaza mwenyewe kwa mapenzi na mbalamwezi. Mpe habari ya msafara, jua, mzigo begani, miezi ya kutembea. Hapo ataelewa moyo unabwagwaje.

Kijana wa Kaole:

Asante mkuu, hilo nimelibeba. Halafu kuna hii: pale Misheni kwenye mnara, kila kundi la Waingereza halikosi mmoja wa kunipa mkono na kusema "Doctor Livingstone, I presume?" wenzake wanacheka. Mimi nacheka nao lakini sijui nachekea nini.

Mwalimu wa Dunda:

Hiyo haimo vijitabuni na ilitakiwa iwemo, hasa kwa mji huu.

Stanley, mwandishi wa gazeti, alianzia safari yake hapa Bagamoyo mwaka 1871, akaenda kumtafuta Livingstone, mmisionari na mpelelezi ambaye Ulaya walikuwa hawana habari zake. Akamkuta Ujiji mwaka huo huo. Kwa maelezo yake mwenyewe, alivua kofia akasema maneno hayo: ni Daktari Livingstone, nadhani? Kinachochekesha ni ile adabu ya sebuleni London katikati ya safari ya namna ile, na Mzungu mwingine wa kumdhania pale hayupo. Tangu hapo Waingereza wanalitumia kwa mzaha wakikutana na mtu waliyekuwa wakimtafuta, au wakimkuta mtu mahali wasipomtegemea. Kuna wanaotilia shaka kama kweli aliyasema, kwa kuwa kurasa za shajara yake za mkutano huo zilichanwa.

Mgeni anakwambia wewe pale kwa sababu mwili wa Livingstone uliletwa Bagamoyo mwaka 1874, umebebwa kutoka bara na kina Chuma na Susi na wenzao, kabla ya kupelekwa Uingereza kuzikwa Westminster Abbey. Jibu lake ni jepesi: "I'm afraid he left in 1874." Watacheka mpaka wakupe bahashishi.

Kijana wa Kaole:

Hahaha! Jumamosi nina kundi. Naijaribu.

Mtu wa Ngamiani:

Nyie wa Bagamoyo mnajisifia misafara, sisi Tanga tuna nahau yetu ya vitendo. Waingereza wanasema "stir up a hornets' nest", kuchokoza kiota cha mavu, yaani kuzua balaa ulilodhani dogo. Basi Novemba 1914 walishusha askari wao kutoka India hapa Tanga, jeshi kubwa, wakakutana na Wajerumani wa von Lettow-Vorbeck waliokuwa wachache zaidi, na katikati ya risasi nyuki wakaingia vitani. Waingereza wakarudi melini. Vita vyenyewe kwa Kiingereza wanaviita "the Battle of the Bees". Sasa niambieni yakhe, nani ana nahau hapo?

Mwalimu wa Dunda:

Mtu wa Ngamiani umetupata. Na nyuki wana zao. "Make a beeline for" ni kuendea kitu moja kwa moja bila kupinda, kama mgeni akishuka kwenye basi na kuelekea baharini na begi mgongoni. "Have a bee in your bonnet" ni kushikilia jambo moja kichwani kila saa ukalizungumza hilo tu. Kila kijiwe kina mtu huyo.

Nahodha Mstaafu:

Salaam wanangu. Mimi nimesafiri na Wazungu kwenye jahazi, nikawasikia wakimsema mlevi "three sheets to the wind". Nikauliza, mmoja akaniambia "sheet" ni tanga. Sikumwamini. Mtu mwenye matanga matatu yameshika upepo anakwenda vizuri sana, halewi.

Mwalimu wa Dunda:

Shikamoo Nahodha. Hukukosea kutomwamini. Neno hilo mjini ni shuka, ndiyo maana hata Waingereza wa nchi kavu hudhani ni tanga. Kumbe baharini "sheet" ni kamba, ile inayoshika pembe ya tanga kulizuia lisichezecheze. Kwetu ni demani. Sasa demani ikikuponyoka, tanga linapigapiga, chombo kinayumba hakina mwelekeo. Zikiponyoka tatu, ndiyo huyo mlevi. Sisi tunasema kavaa miwani, au kapiga maji. Wao pia wana "hit the bottle", kuipiga chupa, na hapo kitenzi ni kile kile.

Nahodha Mstaafu:

Marahaba. Sasa hapo umesema. Demani ikikuponyoka na kaskazi ndiyo hiyo, hata mtu wa swala tano atayumba.

Mwalimu wa Dunda:

Kiingereza kimejaa bahari kuliko wanavyojua wenyewe, na watu wa pwani tuna upendeleo hapa. "Learn the ropes" ni kujifunza kazi mpya, kutoka siku za baharia mgeni kufundishwa kamba ipi ya nini. "Taken aback" ni kushtuka, kutoka upepo kulipiga tanga kwa mbele ghafla chombo kikasimama. "By and large" husemwa kila siku kwa maana ya kwa jumla, na asili yake ni kwenda karibu na upepo na kwenda na upepo wa nyuma, yaani chombo kinachoweza hali zote mbili. "On an even keel" ni mambo kutulia, mkuku, ule uti wa chini wa chombo, umekaa sawa. "The coast is clear", pwani ni nyeupe, hutumika hata Dodoma kusiko na pwani: hakuna anayetuona, twende.

Lakini angalieni "sail close to the wind". Nahodha atasema hiyo ni joshi, yaani kukaribia kule upepo unakotoka, na kweli ni joshi. Sisi joshi yetu iko kwenye methali, dau la mnyonge haliendi joshi, tunazungumzia bahati na uwezo. Mwingereza anazungumzia mtu anayefanya mambo ukingoni mwa sheria, hajaivunja lakini amebakiza kidogo. Ukimsifia mfanyabiashara mbele ya watu kwamba "sails close to the wind", umemwita mjanja mjanja.

Mwanamadrasa:

Assalaam aleykum. Mwalimu, naona Biblia imetajwa, na nasikia nahau zao nyingi zimetoka huko. Sisi tuliokulia chuoni tunazipataje?

Mwalimu wa Dunda:

Waaleykum salaam. Nyingi unazo tayari. "The patience of Job" ni subira ya Nabii Ayubu, hakuna mtoto wa chuo asiyeijua. "David and Goliath" ni Daudi na Jaluti, wanaitumia timu ndogo ikikutana na timu kubwa. Nyingine itabidi usimuliwe. "The writing on the wall" imo Danieli sura ya 5, mkono unaandika ukutani wakati mfalme anafanya karamu. Maana yake dalili za anguko zimeshaonekana wazi. "Wash your hands of it" ni Pilato, kujitoa kwenye jambo usilaumiwe. "Scapegoat" ni mbuzi wa Walawi 16, aliyebebeshwa dhambi za watu akaachiwa jangwani. Kiswahili kina bangusilo, neno zuri tunaliacha life.

Na hili nakuwekea wewe hasa. Utasikia wakisema mlima usipokuja kwa Muhammad basi Muhammad ataufuata mlima. Wanamaanisha kama mtu haji kwako, mfuate wewe. Usidhani wamelitoa kwenye Hadithi. Hicho ni kisa kilichoandikwa na Francis Bacon, Mwingereza, katika insha zake za mwaka 1625. Anayelisema huwa hana nia mbaya, wala halijui lilikotoka. Mimi darasani silifundishi kulisema, nafundisha kulielewa tu.

Mwanamadrasa:

Umenifungua. Nilikuwa nimelikasirikia bure jambo hili.

Msanii Mtarajiwa:

Niko TaSUBa, chuo cha sanaa hapa Bagamoyo, mwaka wa kwanza. Tulikuwa tunaingia jukwaani, mwalimu mgeni akatupungia mkono, "break a leg!" Vunja mguu? Na mimi nacheza sarakasi?

Mwalimu wa Dunda:

Alikutakia heri. Wasanii wa jukwaani wa Kiingereza wanaogopa kutakiana heri waziwazi, wanaona inaleta nuksi, basi wanasema kinyume chake. Chanzo hasa wataalamu wanakibishania, na hadithi ziko nyingi mno. Fikra yake lakini si ngeni: bibi zetu wakimwona mtoto mchanga mzuri wanamwita mbaya, kijicho kisimpate. Jibu lake ni "thank you". Na isemwe kwa mwigizaji au mwanamuziki. Usimwambie anayekwenda kufanyiwa upasuaji wa goti.

Mpita Njia:

Na "kick the bucket"? Hiyo ndiyo ya kwanza kwenye kila kijitabu.

Mwalimu wa Dunda:

Ndiyo ya kwanza, na ndiyo ningeifuta. Maana yake ni kufa, na imo kwenye kamusi ya lugha ya mitaani ya Francis Grose ya mwaka 1785. Kijitabu kinakuambia "kufa" kinaishia hapo. Hakikwambii ni ya mzaha. Umeshawahi kumwandikia mfiwa kwamba baba yake amekata kamba? Basi ni hivyo hivyo. Kwenye rambirambi andika "passed away", ni sawa na kutangulia mbele ya haki.

Tena ni ngumu kama mawe, haigeuziki. Huwezi kusema "the bucket was kicked by him", maana inakufa, anabaki mtu na ndoo yake. "Spill the beans", kutoa siri, inakubali: "the beans were spilled". Kiswahili nacho kina tabia hizo. Kilemba cha ukoka alichovikwa, inakubali. Chumvi nyingi iliyoliwa na babu, umeiharibu. Hakuna kanuni ya kukuambia ipi inageuka, unaisikia kwa wenyewe.

Binti Magomeni:

Mwalimu, sasa tujifunzeje? Vijitabu tuvitupe?

Mwalimu wa Dunda:

Usivitupe, ila usivianzie A. Ukisikia nahau, usikimbilie "maana yake nini" peke yake. Uliza nani kaisema, kamwambia nani, na walikuwa wanacheka au wamenuna. Andika sentensi nzima uliyoisikia pamoja na mazingira yake. "I'm a bit under the weather" iliyosemwa na mgeni wa chumba fulani asubuhi, ameshika kichwa, inatosha: ni kujisikia vibaya kidogo, homa au uchovu. Ukiihifadhi peke yake kama "chini ya hali ya hewa" utabaki unatazama mawingu.

Na elewa nyingi, tumia chache. Hiyo "raining cats and dogs" mnayoipenda inaeleweka na kila mtu, ina umri wa tangu karne ya 17, lakini Waingereza wenyewe mvua ikinyesha wanasema "it's pouring". Kijana akiisema wanatabasamu kama vile sisi tunavyotabasamu Mzungu akimwamkia mtoto shikamoo.

Mtu wa Ngamiani:

Hapo kwenye Mzungu na shikamoo umenimaliza. Kuna mmoja alimwamkia muuza mihogo wa barabara ya nane, kijana wa sekondari. Kijana kaitikia marahaba na bei akapandisha.

Mpita Njia:

Swali la mwisho kwangu. Dada yangu yuko kwenye shirika lenye Waingereza na Wamarekani. Kikao kimoja kila mtu alikubali kwamba jambo liwe "tabled", halafu wakagombana.

Mwalimu wa Dunda:

Wote walikuwa sahihi. Mwingereza aki-"table" jambo analileta mezani lijadiliwe sasa. Mmarekani analiweka pembeni, lisijadiliwe kwa sasa. Maneno yale yale, kikao kile kile. Mwambie dada akisikia neno hilo aulize: leo au siku nyingine?

Nina kipindi saa kumi na moja jioni, naaga. Za mpira sijazigusa, "own goal" na "move the goalposts".

Nahodha Mstaafu:

Za mpira niachie mimi, nilikuwa kipa. Ya kwanza ni kujifunga mwenyewe. Ya pili ni wale wanaohamisha magoli mkiwa mnaongoza. Tulicheza nao sana kule Mlingotini.